Kengele ya Baba na Ramani Mbili

Jumanne, 3 Juni

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya kuandika habari za ng'ombe wangu, lakini leo nina hasira, na ng'ombe watangoja.

Clifford, katibu wa kanisa letu hapa Kaptorgut, alikuja saa nne na karatasi saba zilizopigwa chapa. Tarehe 31 Agosti kanisa linatimiza miaka sabini. Historia yake itasomwa mbele ya watu wote, kisha kila familia ipewe kijitabu. Alitaka nisahihishe lugha, maana mimi ndiye niliyemfundisha, na mpaka leo hajui koma inakaa wapi. Nikasahihisha vizuri mpaka ukurasa wa nne. Hapo nikakuta hivi: "Mwaka wa 1969 kengele ya shaba ambayo waumini waliinunua kwa jasho lao iliuzwa na mtunzaji wake, mzee Kipkirui, naye akajipatia baiskeli."

Mzee Kipkirui ni marehemu baba yangu.

"Clifford, haya nani alikuambia?"

"Lakini Mwalimu, si kila mtu anajua?"

"Kila mtu alijua pia kwamba wewe utaanguka mtihani wa jiografia."

"Na si nilianguka?"

Nikamwambia historia bila ushahidi ni umbea uliovaa tai. Akakuna kichwa, kijana wa miaka arobaini na nane, akasema, "Mwalimu, mimi sina ubaya na mzee. Ukileta ushahidi, hiyo laini naondoa. Lakini tarehe kumi na tano Agosti hii kitu inaenda kuchapishwa."

Jumatano, 4 Juni

Baridi. Mama hajaambiwa.

Alhamisi, 5 Juni

Niandike kisa chenyewe, ili hasira yangu iwe na anwani.

Kanisa la kwanza lilikuwa la udongo na mabati. Mwaka huo wa 1969 mvua ya mawe ikaliangusha. Watu wakaokota mabati na mbao, wakaenda kujenga juu kilimani, pale kanisa lilipo sasa. Kengele haikuonekana. Wiki iliyofuata baba akatokea upande wa Ndanai akiendesha baiskeli mpya. Basi, kesi ikaisha bila hakimu. Baba alisema, "Niliiacha ikining'inia," na hakuongeza neno mpaka alipozikwa.

Nilikuwa na miaka sita. Tangu wakati huo watoto wakitoka shule, wakifika kwenye geti letu hupiga kelele, "Ting ting! Ting ting!" Hawa wa leo hata hawajui maana yake, wameirithi tu kwa baba zao. Mama ana miaka themanini na tisa, na kila siku ya shule, saa kumi alasiri, hufunga dirisha.

Ulimi wa kengele, kile chuma kinachogonga ndani, uko jikoni kwetu. Baba alikuwa akiuchomoa kila Jumapili na kuja nao nyumbani, watoto wasije wakaichezea kengele katikati ya wiki. Watu waliposikia wakasema, mnaona, hata ushahidi uko kwake. Mama huniuliza mimi, kana kwamba ndimi niliyesema: "Mwizi gani anauza kengele bila ulimi? Ni kama kuuza ng'ombe ukabaki na kwato." Anautumia kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Jumapili, 8 Juni

Mkwe wangu Benard amenipa mashine. Aliinunua aliposikia watu wanaokota dhahabu Migori. Akakaa huko miezi miwili, akarudi na malaria. Ni fimbo ndefu yenye kitu cha mviringo chini, mfano wa kifuniko cha sufuria. Unaipitisha juu ya ardhi, na ikikutana na chuma au shaba inalia. Nimeipa jina Mlalamishi.

"Mama, sheria ni mbili tu," akaniambia. "Uliza mwenye shamba kwanza. Na ukichimba shimo, ulifunike."

"Na dhahabu?"

"Hiyo sahau."

Jumatatu, 9 Juni

Shule ilipoacha kufundishia ramani za karatasi walitaka kuziwashia moto wa kupikia uji wa wanafunzi. Nilizibeba mimi, na mume wangu, Mungu amrehemu, aliniuliza kama tutakula ramani. Leo nimezitoa chini ya kitanda. Ile ya 1962 inaonyesha mto wetu, barabara, na msalaba mdogo wenye herufi mbili za kuonyesha kanisa. Msalaba uko juu ya barabara. Hivyo ndivyo kila mzee hapa anavyosema: kanisa la kwanza lilikuwa juu ya barabara, nyuma ya kilipo sasa kituo cha kununulia majani chai.

Kwenye ramani ya namna hii ncha ya penseli ni upana wa uwanja wa mpira. Sijali. Nina mpaka Agosti.

Jumatano, 11 Juni

Karani wa kituo ameniruhusu kuchimba nyuma. Wakulima waliopanga foleni na vikapu vyao wamepata sinema ya bure. "Mwalimu, ukipata dhahabu utukumbuke!" "Mwalimu, angalia kama utaona meno ya mama yangu!" Nimecheka nao. Lakini mzee mmoja nyuma akasema, "Anatafuta ya baba yake," na kicheko kikabadilika.

Jumamosi, 14 Juni

Vifuniko vya soda kumi na tisa. Mvua saa nane.

Jumanne, 17 Juni

Vifuniko vya soda ishirini na tatu, kijiko kimoja. Mvua saa nane na nusu.

Ijumaa, 20 Juni

Kufuli. Mvua.

Jirani yetu Omariba anasimama chini ya barabara, kwenye ukingo wa chai yake, na kunitazama. Alikuja na baba yake kutoka Kisii akiwa mtoto, na mpaka leo salamu zake ni fupi mno. Yeye ni Msabato. Jumapili sisi tukiimba yeye anapogoa, na panga lake linasikika mpaka kwenye mimbari. Leo alinitazama karibu saa nzima. Mtu anayefurahia aibu ya mwenzake namna hiyo ana roho ya mawe.

Alhamisi, 26 Juni

Miaka thelathini na minne nimefundisha jiografia. Miaka thelathini na minne nimewaambia watoto wa watu, "Kabla hujasema kitu kiko wapi, hakikisha unachopimia hakijahama." Leo nastahili kuchapwa.

Mvua ilinifungia ndani, nikatandika ramani mbili mezani, ya 1962 na ya 1974, nikachukua uzi wa kushonea nikaulaza juu ya barabara. Kwenye ramani ya 1962 barabara inavuka mto chini ya kona yake kubwa. Kwenye ile ya 1974 inavukia juu ya kona. Nikasafisha miwani. Nikarudia. Nikamwita Mama.

"Mama, barabara hii imekuwa hapa siku zote?"

"La. Ya zamani ilikuwa chini, huko kwenye matope. Lori za majani zilipoanza kuja zilikuwa zinazama, wakaipandisha."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza barabara. Uliniuliza kanisa."

Hivyo basi! Kila mtu anakumbuka "juu ya barabara", na kila mtu akisema barabara anaona hii ya leo. Miaka hamsini na sita kijiji kizima kimekuwa kikielekeza kidole mahali pasipo. Juu ya barabara ya zamani ni chini ya barabara ya sasa. Katikati ya shamba la chai la Omariba.

Nimefurahi, nimepika chapati usiku wa Alhamisi bila sababu.

Ijumaa, 27 Juni

Omariba amekataa.

Nilimkuta na mkewe Phelis wakikamua. Nikamweleza kila kitu, nikamwonyesha uzi na ramani. Akaangalia ramani muda mrefu, akaangalia viatu vyangu.

"Mwalimu, majani yangu imefungana. Ukipita na hiyo mashine utavunja matawi."

"Nitapita polepole."

"Mwaka huu napogoa upande wa juu. Upande wa chini bado."

"Bado mpaka lini?"

"Bado tu."

Phelis aliniletea maziwa kikombe kizima, bila kunitazama usoni. Nimerudi nyumbani nikimwita Omariba majina ambayo Msabato hapaswi kuitwa.

Jumatano, 2 Julai

Mama amejua. Akina mama wa kanisa walikuja kumwona na mmoja hakuweza kuzuia mdomo wake. Nilitegemea atalia. Alikuwa akimenya viazi, akaendelea kumenya.

"Waache wasome," akasema. "Nitakaa mstari wa mbele. Wasome wakiniangalia machoni."

Ndipo akaniambia habari ya baiskeli, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Sisi Wakipsigis tuna desturi ya zamani tunayoiita kimanagan. Unaweka ng'ombe wako kwa rafiki wa mbali, naye anaweka wake kwako, ili ugonjwa ukivamia zizi lako usibaki mikono mitupu. Anayemchunga anakunywa maziwa, na ng'ombe na ndama wanabaki wako. Lakini jambo hilo halitangazwi. Baba alikuwa na mtamba kwa rafiki yake aliyekaa Ndanai, akambadilisha na baiskeli huko huko.

"Kwa nini hakusema?"

"Aseme ng'ombe wa rafiki yake wamefichwa wapi? Mtu hafungui zizi la mwenzake ili ajisafishe yeye. Mimi nilisema kidogo, wakasema mke atasema nini." Akachukua kiazi kingine. "Nataka tu nisikie mtu mmoja akisema hakuiuza, mbele ya watu, kabla sijamfuata."

Nililia mimi badala yake. Kitunguu hakikuwepo cha kusingizia.

Jumatatu, 7 Julai

Omariba ameanza kupogoa upande wa juu. Chai ikipogolewa hubaki visiki vya kufika gotini na nafasi wazi kati ya mistari, mtu anaweza kupita hata na ng'ombe. Nikamwendea tena.

"Sikuombi upande wa chini. Nipe huu uliopogoa. Nitakusaidia kutandaza matawi."

Akafikiri mpaka nikasikia njaa. "Matawi unatandaza kweli?"

"Kweli."

"Basi sawa."

Jumanne, 8 Julai

Mgongo! Mungu wangu, mgongo.

Alhamisi, 10 Julai

Mlalamishi amelia vizuri leo. Sarafu ya senti kumi, ile ya zamani yenye tundu katikati. Hatua tisa mbele nyingine. Kisha kiatu cha chuma cha punda. Omariba akaacha panga akaja kuangalia. Nikamwonyesha sarafu kwenye kiganja, akaichukua, akapitisha unyasi kwenye tundu, akatabasamu. Sikujua ana pengo.

"Sisi tulikuwa tunafunga hizi kwa shingo ya mbuzi," akasema.

Hayo yalikuwa maneno yake mengi kuliko yote tangu Pasaka.

Jumamosi, 12 Julai

Sabato. Hakuna kazi.

Jumatano, 16 Julai

Sarafu ya saba. Nimezichora zote kwenye karatasi. Hazikutawanyika ovyo. Zinafuata mstari, zinashuka kwa mpindo mdogo, na mpindo huo ni ule ule wa uzi wangu wa 1962. Ni barabara ya zamani. Watu walikuwa wakitembea hapa wakidondosha senti zao za sadaka, na chai ikafunika.

Nakiri pia kwamba nilikosea kuhusu Omariba. Mtu huyu anaimba akipogoa, pole pole, nyimbo za kwao. Ananiwekea kigoda mahali pakavu kabla sijafika. Leo mvua ilipoanza alinipokea Mlalamishi mkononi akaifunika kwa koti lake yeye, akalowa. Roho ya mawe haifanyi hivyo. Kuna kitu kingine, na sikijui.

Ijumaa, 18 Julai

Mstari wa sarafu unaelekea kwenye kona ya chini ya shamba. Kila mtu anaijua kona ile: kuna mashina matano ya chai ambayo hayajapogolewa kamwe. Yamekuwa miti mirefu kuliko mtu, inatoa maua meupe na mbegu. Majirani humcheka Omariba kwa hiyo, mtu nadhifu namna ile kuachia chai iwe msitu. Leo hakuwepo, alikuwa amepeleka majani kituoni, na mimi, Mwalimu Lenah, mwanamke wa miaka sitini na miwili, nikavunja sheria ya kwanza ya Benard. Nikaingia chini ya ile miti na Mlalamishi.

Haikulia. Ilipiga mayowe. Si ile sauti ya vifuniko vya soda, bali sauti nene, pana, ya kitu kikubwa.

Nilipoinua kichwa Omariba alikuwa amesimama kwenye mstari wa mwisho, kikapu tupu mgongoni.

"Mwalimu. Hapo usichimbe."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira.

Jumamosi, 19 Julai

Sikuenda. Sikulala pia.

Alhamisi, 24 Julai

Mvua ya mawe saa tisa. Dakika kumi na tano tu, lakini chai yote imechanika, ardhi nyeupe. Mama akakaa dirishani akitazama, akasema, "Ilikuwa hivi hivi." Nilimwona Omariba kwa mbali amesimama katikati ya shamba bila kofia.

Jumatano, 30 Julai

Clifford amepita kuuliza kama nina ushahidi. Nikamwambia karibu. Akasema, "Karibu si ushahidi, wewe ndio ulinifunza."

Jumamosi, 2 Agosti

Omariba amekuja. Saa nane, akitoka kanisani kwao, amevaa suti, Phelis nyuma yake. Mama alikuwa jikoni kwenye kigoda chake. Omariba hakukubali kukaa.

"Mwalimu, nimekuja kusema kitu, na nikianza usinikate."

Sikumkata.

"Hiyo kengele iko pale. Baba yangu aliipata mwaka wa sabini na moja, tukichimba mashimo ya kupanda majani. Maji ya ile mvua iliibeba kutoka kanisani mpaka kwa mtaro ya barabara ya zamani, ikafunikwa na mchanga. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mbili. Baba aliiona akageuka kuangalia kama kuna mtu anatuona. Tulikuwa wageni hapa, hata mwaka mbili hatujamaliza. Sasa Mkisii amepatikana na kengele ya kanisa ya Wakipsigis, nani atauliza swali ya pili? Akachimba chini zaidi akairudisha, akapanda miti tano juu. Mimi ndiye nilikanyaga udongo na hii miguu."

"Na alijua watu wanasema baba yangu aliiuza?"

"Alikuja kujua. Akaniambia, 'Ningesema mwaka wa kwanza ningeitwa mwizi. Nikisema leo nitaitwa mwizi na mwongo.' Akakufa nayo. Mimi nikabaki nayo. Kila nikiinua panga kwa ile miti, mkono inakataa. Na wewe ukaanza kuchimba kule juu, kila siku, kwa mvua, na mimi nakuona unachimba mahali hakuna kitu."

Kumbe zile saa zote alizosimama kunitazama!

Nilikuwa na hasira, nisidanganye. Miaka hamsini na minne mtu huyu alipita kwenye geti letu akisikia watoto wakisema ting ting, na alijua. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini Mama akainuka. Akaenda mlangoni, akainama kwa shida, akauokota ulimi wa kengele. Akaupangusa kwa leso yake, akamwekea Omariba mkononi.

"Jumatatu mwende mkajaribu kama unaingia," akasema. "Lenah, wageni wamesimama na chai haijawekwa."

Jumatatu, 4 Agosti

Tumechimba wanne: Omariba, Phelis, Benard na mimi. Mama tulimbebea kiti akakaa kwenye mstari wa chai na mwavuli.

Omariba hakutaka kung'oa miti, akachimba kati ya shina la pili na la tatu, akikata mizizi moja moja. Futi tatu. Ikatoka ya kijani kwa kutu, imejaa udongo wa miaka yote hiyo, nzito kama mtoto wa darasa la pili. Phelis akaiosha kwa maji ya mto. Mdomo wa kengele una mkwaruzo upande mmoja, basi.

Omariba akatoa ulimi mfukoni mwa koti. Ndoano ikakataa mara mbili. Mara ya tatu ikaingia, tak. Hakuna aliyeigonga. Tuliona si mahali pake. Tukamtazama Mama. Alikuwa anaitazama kengele jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyechelewa sana.

"Ni ndogo kuliko nilivyokumbuka," akasema, kisha akacheka, akacheka mpaka mwavuli ukaanguka.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeandika upya ukurasa wa nne, na niliandika kwa utamu. Mzee wa Kisii, hofu, miti mitano, kila kitu. Nikamsomea Mama.

"Vizuri," akasema. "Umemtoa baba yako motoni ukamtia baba wa mtu mwingine."

"Lakini ndio ukweli, Mama."

"Ni wao wa kuusema."

Nikachana.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimempelekea Clifford hii: "Mwaka wa 1969 kanisa lilianguka kwa mvua ya mawe. Kengele ilibebwa na maji ikafunikwa na udongo, ikapatikana mwaka huu katika shamba la jirani. Mzee Kipkirui hakuiuza."

Clifford alizunguka kengele mara tatu, akaigusa kwa kidole. Macho yalimlowa, akasingizia moshi wa jiko. Kisha akasoma.

"Mwalimu, ilijizika yenyewe futi tatu?"

"Mvua ya mwaka ule ilikuwa kali."

"Na ikapanda majani juu yake?"

"Clifford."

"Sawa, Mwalimu. Nauliza tu kama historia."

Ijumaa, 15 Agosti

Imeenda kuchapishwa. Koma zote mahali pake.

Jumatano, 20 Agosti

Visiki vya Omariba vimeanza kutoa majani mapya. Nilimkaribisha kwenye sherehe. Akasema Jumapili ana kazi.

Jumapili, 31 Agosti

Kanisa lilijaa mpaka nje. Kengele ilikuwa mbele, kwenye mti mpya, imesuguliwa kwa ndimu na majivu ikang'aa. Mama mstari wa kwanza, gauni la bluu.

Clifford akasoma. Akafika ukurasa wa nne, akapunguza mwendo, akatamka kila neno: "Mzee. Kipkirui. Hakuiuza." Watu wakapiga makofi, lakini makofi yale ya heshima, mafupi. Nyuma yangu nikamsikia mtu akinong'ona, "Eti ilibebwa na maji." Nikajua kwamba karatasi peke yake haitoshi. Umbea wa miaka hamsini na sita haufutwi na laini tatu. Nikamtazama Mama, naye alikuwa amesikia.

Ndipo sauti ikatoka mlangoni. "Naomba kusema."

Omariba. Suti, kofia mkononi, Phelis kando yake. Hajawahi kukanyaga kanisa letu. Akasema yote, amesimama pale pale mlangoni: mashimo ya chai, hofu ya baba yake, miguu yake ya mtoto ikikanyaga udongo. Akamaliza hivi: "Huyu mzee hakuuza kitu. Sisi ndio tulinyamaza. Kama kuna mwizi, mniite mimi."

Wazee wa mbele wakaangaliana. Niliona mmoja akianza kuinuka, uso umekunjika, nami nikaogopa, maana wazee wetu wakiinuka na uso ule hawakai upesi.

Mama akawahi kuinuka yeye. Akashika fimbo yake akatembea katikati ya kanisa, polepole, mpaka mlangoni. Akamshika Omariba mkono, akawageukia watu.

"Mwizi yuko wapi hapa?" akauliza. "Mtu ameweka kitu chenu mahali salama, hakutangaza, na kimerudi kizima. Nyinyi Wakipsigis, hiyo mnaiita nini?"

Halafu kutoka kona ya wazee sauti moja ya kizee, ikisitasita: "Kimanagan."

"Sijasikia."

"Kimanagan!" Sasa walikuwa wengi, na kicheko kikapanda kutoka nyuma mpaka mbele, kicheko kikubwa cha watu walioshushiwa mzigo.

"Na aliyechunga ng'ombe," Mama akasema, "ndiye anayekunywa maziwa." Akamvuta Omariba mpaka mbele, Msabato mzima siku ya Jumapili, akampa kamba. "Piga wewe."

Akapiga. Sauti ilitoka na mkwaruzo kidogo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi, kisha ikasafika. Mama alifumba macho. Nilimshika bega, nikasikia anahesabu kwa kunong'ona, kama baba alivyokuwa akihesabu: kumi na mbili, asipunguze, asizidishe. Omariba alipiga kumi na tatu. Mama akamsamehe na hiyo pia.

Jumatatu, 1 Septemba

Asubuhi Omariba amepogoa ile miti mitano. Imebaki visiki vya kufika gotini, sawasawa na vingine.

Saa kumi watoto wametoka shule. Nikawasikia wakikaribia geti, "Ting ting! Ting ting!" Nikainuka nifunge dirisha kabla Mama hajaamka kitini.

"Liache," akasema.

Akaja mwenyewe, akalisukuma likafunguka hadi mwisho, akatoa mkono nje, akawapungia.